Sufuria Imeng'aa, Weusi Umekwenda Wapi?

Leo tuingie jikoni.

Chukua sufuria ya alumini, uichemshie maji kwa siku kadhaa. Ndani itakuwa nyeusi, na mama mwenye nyumba ataona haya mgeni akiifunua. Kisha siku moja ipikiwe uji wa futari wenye ndimu, au mchuzi wa ukwaju. Ikioshwa, inang'aa kama mpya bila hata kusuguliwa. Je, ule weusi umekwenda wapi? Umeingia kwenye chakula, na mmeshakula.

Alumini ikikutana na hewa hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba sana. Kutu ya chuma hubanduka na kuacha chuma kiendelee kuliwa, lakini utando wa alumini hushikamana na kuziba, ndiyo maana sufuria ikiachwa uani haiozi kama panga. Ule weusi ni utando huo huo uliobadilishwa na madini ya maji. Hauna madhara. Maadui wake ni vitu vichachu: ndimu, ukwaju, siki, nyanya, embe mbichi. Majivu nayo huula. Kwa hiyo anayesugua ndani kwa majivu na mchanga kila siku mpaka ajione uso wake, anaivua sufuria nguo. Nje sugua upendavyo.

Alumini kidogo inayoingia tumboni, sehemu kubwa hutoka bila kuingia kwenye damu, na inayoingia hutolewa na figo zilizo nzima. Mgonjwa wa figo ana hesabu yake, amuulize daktari wake. Kama jambo lingeishia hapo nisingewachosha. Kinachonitia wasiwasi ni risasi, yaani ile metali nzito na laini inayotumika katika betri za magari.

Sufuria nzito za kusubu tunazozipenda kwa pilau la hitma hutengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu: vipande vya injini, radieta, makopo na vinginevyo. Fundi hana kipimo cha kumwonyesha kilichomo, na simlaumu, anatafuta riziki ya halali. Lakini katika chakavu hicho risasi huingia. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Walivichemshia maji yenye asidi kama ya siki, na zaidi ya theluthi moja vikatoa risasi kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Madrasa tulifundishwa kwamba maji yakiingiwa na najisi tunaangalia mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Nimekaa na wagonjwa miaka kadhaa sasa, na naona wengi wetu tunakipima chakula kwa mizani hiyo hiyo. Risasi iliyo kwenye mchuzi haibadilishi hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Chombo kinaweza kuwa tahara kabisa na bado kikawa na sumu. Kuchemsha nako hakusaidii, kwani moto huua vijidudu, metali hauiui.

Anayeumia zaidi ni mtoto. Risasi hudhuru ubongo unaokua: mtoto huchelewa kujifunza, hatulii, na mzazi huishia kumwita mtukutu. Hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na mama akishika mimba hutoka mifupani na kumfikia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwenye zahanati ninayofanyia kazi kipimo chake hatuna, hivyo kinga ni jikoni.

Sikwambii utupe sufuria zako, najua bei yake. Ya kusubu ibakie kwa wali, ugali na maji ya kuoga. Vitu vichachu vipikie kwenye stili isiyoshika kutu. Kama huna, pika uji bila ndimu, kisha kila mtu akamulie ndimu kwenye bakuli lake. Na kiporo cha mchuzi wa nyanya kisilale humo hadi daku, kihamishie kwenye bakuli la kioo au la kauri.

Kwenye shughuli, sharubati ya ndimu au ukwaju isikorogwe katika ndoo ya bati. Bati hilo limepakwa zinki, na uchachu huitoa. Wageni hutapika, halafu biriani ndiyo husingiziwa. Dele la kahawa nalo litazame ndani. Likionyesha wekundu wa shaba mpeleke fundi alipake bati upya, na umuulize mapema kama analotumia ni bati tupu au ni la kulehemu, maana hilo la kulehemu mara nyingi lina risasi.

Chungu cha chuma ndicho kinachonifurahisha. Humo uchachu hutoa madini ya chuma, ambayo damu inayahitaji. Huko Ethiopia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma kwa mwaka mmoja walipungukiwa damu kidogo kuliko waliopikiwa kwenye alumini. Mwenye mtoto wa selimundu aulize kituo cha afya kwanza. Wengine, kile kikaango cheusi cha bibi kilichotupwa stoo kitoeni, mkikaushe kila baada ya kukiosha na kukipaka mafuta kidogo kisishike kutu, na mchuzi wa nyanya mpikie humo.