NESI WA KUKODI: ANA LESENI AU ANA GAUNI JEUPE TU?

Wiki hii tuweke pembeni habari za viwanja na mitindo ya nywele, tuingie chumbani. Usigune, sio chumba hicho unachokifikiria! Ni kile chumba cha uani, au cha ghorofa ya tatu, ambako mgonjwa amelala na familia nzima iko mjini inatafuta shilingi.

Siku hizi hapa Dar, hasa huku Kariakoo, Kisutu na Upanga, kuna hii biashara ya kukodi mtu wa kuuguza nyumbani. Zamani mgonjwa aliuguzwa na dada, shangazi au mke wa kaka. Sasa dada yuko dukani Mtaa wa Kongo tangu alfajiri, shangazi mwenyewe ndiye mgonjwa, na wifi ana kazi yake ofisini Posta. Basi unampigia simu dalali, unaletewa "nesi". Gauni jeupe, raba nyeupe, saa inaning'inia kifuani. Unashusha pumzi: haya, mambo yamekwisha.

Yamekwisha wapi! Mara nyingi ndiyo kwanza yanaanza.

CHUPA ISIYOPUNGUA

Nasema haya kwa sababu yametukuta. Shangazi yangu, aliyekuwa akikaa ghorofa ya tatu huku Kariakoo, alipatwa na saratani. Alipigwa mionzi pale Ocean Road, taasisi ile iliyoko Kivukoni kando ya bahari, kwenye majengo yaliyoanza kuwa hospitali tangu enzi za Mjerumani. Ilipofika wakati wa kuuguziwa nyumbani, alipewa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, mofini, ya kunywa kila baada ya saa 4.

Familia ikamkodi dada mmoja kupitia ofisi moja ya kutafutia watu wafanyakazi. Jina la ofisi naliacha, sitaki kesi mie. Dalali alikula chake mapema, akatuhakikishia kwamba huyu ni nesi kamili, tena mzoefu.

Wiki ya pili ikawa ni kilio. Usiku shangazi analia mpaka majirani wa chini wanasikia. Ndugu wakasema ugonjwa umekua, tuombe Mungu. Ndipo jirani mmoja, mama mtu mzima, alipopanda ngazi taratibu kuja kumjulia hali. Baada ya salamu hakuongea mengi. Aliinua ile chupa ya dawa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza:

"Mwanangu, hii chupa mmeletewa lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita, mama."

"Na leo ni Jumanne. Mbona imejaa?"

Kumbe nesi wetu alikuwa anatoa dawa pale tu anapoona kilio kimezidi! Alipoulizwa, akajibu kwa upole kabisa kwamba dawa ile inalevya, mgonjwa ataizoea, na tena inamlaza sana. Dada wa watu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa ametoka kuuza duka la vipodozi, dalali akamtafutia gauni jeupe, basi. Hakuna aliyemfundisha kwamba dawa ile hutolewa kwa saa ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi, na kwamba ukisubiri mgonjwa alie umeshachelewa. Wala hakujua kwamba kwa mgonjwa wa saratani anayefuata kipimo cha daktari, shida ya kuiangalia zaidi ni kufunga choo, na hiyo nayo ina dawa yake.

Kuanzia usiku ule dawa ilitolewa kwa saa. Shangazi akalala. Alifariki miezi miwili baadaye, lakini alikwenda ametulia, anaongea na watoto wake. Hiyo ndiyo tofauti ya mtu anayejua kazi na mtu aliyevaa sare.

MAMA WA MKOBA

Sasa huyu jirani alijuaje? Nilimdadisi. Kumbe mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani.

Sisi tuliozaliwa baadaye hatujui vizuri kilichopita hapa mjini. Ukimwi ulipopamba moto, wodi zilijaa na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Dawa za kupunguza makali hazikuwepo kwa mtu wa kawaida. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Kabla ya hapo watu walijikusanya wenyewe. WAMATA ilianzishwa hapa Dar mwaka 1989, Theresa Kaijage akiwa mwanzilishi wake. PASADA ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam ikafuata mwaka 1992 kule Temeke. Wakatokea akina mama na akina baba wa mitaani wanaopita nyumba kwa nyumba kuwaangalia wagonjwa.

Hawakwenda mikono mitupu. Mama huyu anasema wao walikuwa na vitu vinne. Mafunzo kwanza. Halafu mkoba: glavu, sabuni, pamba, bandeji, dawa ya kuoshea vidonda, panadol, na JIK ya kusafishia mashuka yenye damu. Cha tatu daftari, kila ziara inaandikwa. Cha nne ni nesi wa kituo cha afya anayelisoma hilo daftari, na anayeitwa mambo yakizidi.

Ndiyo maana aliitazama chupa kwanza. Alifundishwa hivyo.

Hapo ndipo mimi ninapochoka, msomaji. Mtu wa kujitolea, anayelipwa ahsante na nauli, alikuwa na msimamizi juu yake. Leo unatoa hela yako, na yule unayemlipa hana mtu wa kumkagua zaidi ya wewe unayerudi saa 3 usiku umechoka.

Serikali nayo haijalala. Januari 2024 ulizinduliwa mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka 5. Muulize mwenyekiti wako wa mtaa wenu ni nani, umfahamu. Lakini huyo anahudumia mtaa mzima. Hatakuja kukaa na bibi yako usiku na mchana.

KABLA HUJATOA HELA

Kwa hiyo fanya hivi. Akikwambia yeye ni nesi, omba leseni. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, muuguzi anasajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Asiye nayo si nesi, hata avae saa tatu kifuani. Anaweza kuwa mlezi mzuri tu, tena wengi ni wazuri kuliko sisi ndugu. Ila asichome sindano, asibadilishe mpira wa mkojo, na asijipunguzie dawa kwa akili yake.

Pili, mpe mtihani mdogo. Muulize: mgonjwa asiyeweza kujigeuza utamgeuza mara ngapi? Jibu unalolitaka ni kila baada ya saa 2 hivi, na kukagua mgongo, makalio na visigino kama pamekuwa pekundu au peusi, kwa sababu vidonda vya kulala huanzia hapo na kupona kwake ni kazi. Muulize: aliyepooza utamlishaje? Akisema "namlaza chali namnywesha uji", mshukuru, mpe nauli arudi. Mgonjwa anaketishwa, anapewa kidogo kidogo, na halazwi mara tu baada ya kula, la sivyo uji unaingia kwenye mapafu. Muulize pia mfuko wa mkojo unakaa wapi. Chini ya kiuno, usigeuze mkojo ukarudi ndani.

Tatu, nunua daftari la shule. Saa, dawa, chakula, choo, kugeuzwa: kila kitu kiandikwe. Ukirudi usiku soma, halafu tazama na chupa. Nne, weka glavu na sabuni, na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata mvua inyeshe, moshi wake unaua kimya kimya. Tano, bandika ukutani namba ya kituo cha afya na ya dereva. Na nyie wa maghorofani, jueni mapema mgonjwa atashushwaje lifti ikigoma. Kumbeba mtu kwenye kiti ngazi nne mkiwa mnabishana si mpango.

NA YEYE NI MTU

Mwisho, tuwe wakweli. Unamlipa kiduchu, analala sakafuni, anaamka usiku mara nne, hana siku ya mapumziko, halafu unataka huduma ya Ulaya? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha sh. 60,000 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa asiyelala. Mwaka 2025 ikatangazwa amri nyingine ya kupandisha mishahara sekta binafsi kuanzia Januari 2026, kwa hiyo kaulize ofisi ya kazi au CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa majumbani.

Mlezi aliyechoka anasahau dawa. Aliyenyimwa mshahara anaondoka Jumapili bila kuaga, na mgonjwa anabaki na chupa asiyoweza kuifikia.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa: leo ukifika nyumbani, kabla hujawasha tivii, ingia kwa mgonjwa. Mpe pole, mgeuze, kisha inua chupa uitazame kwenye mwanga.

Tukutane wiki ijayo.