Figo zinaposhindwa: Taka za mwili zinavyogeuka sumu katika damu

FIGO mbili za binadamu, kila moja ikikaribia ukubwa wa ngumi ya mwenye nayo, huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku. Karibu yote hurejeshwa mwilini, na ni lita moja au mbili tu zinazotoka nje kama mkojo.

Ndani ya mkojo huo kuna urea, kriatinini, asidi na chumvi zilizozidi mahitaji. Figo zinapopoteza uwezo wa kuchuja, taka hizo hubaki katika damu na kusambazwa katika kila kiungo. Hali hiyo ndiyo inayojulikana kitaalamu kama uremia, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha mkojo katika damu.

Hatari yake kubwa ni ukimya. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokadiriwa kufikia milioni moja, na vilivyo hai hubeba mzigo wa vilivyokufa. Kwa sababu hiyo, mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake bila kuhisi lolote. Kwa kawaida, dalili za uremia hujitokeza wazi uwezo huo unapokaribia au kushuka chini ya asilimia 15.

Aidha, wengi hudhani kuwa anayepata mkojo wa kutosha hana tatizo la figo. Dhana hiyo si sahihi, kwani mgonjwa anaweza kuendelea kutoa mkojo mwingi ambao ndani yake taka ni chache.

Dalili za awali hujitokeza mara nyingi tumboni. Mgonjwa hupoteza hamu ya kula, husikia kichefuchefu hasa asubuhi, hutapika na kupata kwikwi zisizokoma. Vijidudu vya kinywani huigeuza urea iliyomo katika mate kuwa amonia, hivyo pumzi huwa na harufu kama ya mkojo na chakula huwa na ladha ya chuma. Si ajabu mgonjwa wa aina hiyo akatumia dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi kadhaa.

Katika damu, madhara ni ya namna mbili. Figo ndizo zinazotengeneza homoni ya erithropoietini, inayouamuru uboho wa mifupa kuzalisha chembe nyekundu. Homoni hiyo inapopungua, damu hupungua, na mgonjwa huchoka na kuhema hata kwa kupanda ngazi chache. Vile vile, sumu hizo huzidhoofisha chembe zinazosaidia damu kuganda, hivyo fizi na pua huweza kutoka damu kwa urahisi.

Mifupa nayo haisalimiki. Vitamini D haiwezi kufanya kazi ipasavyo bila figo, na fosfeti inayorundikana huvuruga kiwango cha kalsiamu. Mwili hulazimika kuchota kalsiamu kutoka katika mifupa, ambayo hudhoofika. Ngozi hukauka na kuwasha mfululizo, kiasi cha kumnyima mtu usingizi.

Hata hivyo, moyo ndio unaobeba hatari iliyo kubwa zaidi. Maji na chumvi vinavyoshindwa kutoka hupandisha shinikizo la damu, huvimbisha miguu na uso, na huweza kujaa katika mapafu. Mfuko unaouzunguka moyo huweza kuvimba. Madini ya potasiamu yakizidi, mapigo huvurugika na moyo unaweza kusimama ghafla. Ndiyo maana maji ya dafu, ambayo baadhi ya watu huyanywa wakiamini yanasafisha figo, yanaweza kumdhuru mtu ambaye figo zake zimeshindwa, kwa kuwa yana potasiamu nyingi.

Sumu zinapofika katika ubongo, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, husahau, huongea bila mpangilio, na hatimaye hupata degedege na kupoteza fahamu. Katika hatua hiyo, baadhi ya familia hudhani ndugu yao amerukwa na akili au amerogwa.

Kwamba chanzo ni damu yenyewe kulidhihirika Septemba mwaka 1945 katika mji wa Kampen, Uholanzi. Daktari Willem Kolff alimuunganisha mwanamke wa miaka 67, aliyekuwa amepoteza fahamu kutokana na uremia, na mashine aliyoibuni ya kusafisha damu. Baada ya saa kadhaa mwanamke huyo alizinduka, na aliishi miaka mingine ipatayo saba.

Leo hii mgonjwa husafishwa damu kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara. Hata hivyo, mashine haitengenezi homoni, hivyo wengi huhitaji pia sindano za kuongeza damu. Tiba nyingine ni kupandikizwa figo, ambayo kwa Tanzania ilifanyika kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017.

Figo zilizoshindwa ghafla, kwa mfano kutokana na malaria kali au kuhara sana, zinaweza kurejea katika hali yake zikitibiwa mapema. Zilizoharibika taratibu kwa miaka mingi, kama inavyotokea kwa wengi wenye kisukari na shinikizo la damu, hazirudi tena.

Kwa sababu hiyo, wenye maradhi hayo mawili wanashauriwa kupima protini katika mkojo na kriatinini katika damu angalau mara moja kwa mwaka, na kuepuka kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki bila ushauri wa daktari. Vipimo hivyo viwili huweza kuonyesha tatizo miaka kadhaa kabla ya kichefuchefu cha kwanza, wakati bado kuna figo ya kuokolewa.