Mlima Kenya katika Mikusanyiko ya Kila Mwaka ya Hadithi za Sayansi

Mkusanyiko wa mwaka wa hadithi za kubuni za kisayansi ni kitabu kinachotolewa mara moja kwa mwaka, ambamo mhariri huweka pamoja hadithi fupi alizoziona bora miongoni mwa zile zilizochapishwa mwaka uliotangulia. Mhariri haagizi hadithi mpya. Kazi yake ni kusoma mamia ya hadithi zilizokwisha kutoka majaridani na kuzichuja. Kwa zaidi ya miaka 70 vitabu hivi vimeamua kwa kiasi kikubwa ni hadithi zipi zikumbukwe na zipi zisahaulike. Mojawapo ya zilizopita katika mchujo huo inabeba jina la mlima ambao wakazi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Kerugoya huuona kila mawingu yanapopisha.

Mtindo huu ulianzia Marekani. Mwaka 1949 Everett F. Bleiler na T. E. Dikty walitoa mkusanyiko wa kwanza wa aina hiyo. Judith Merril akafuata mwaka 1956 na kuendelea hadi 1968. Merril hakujifunga kwenye majarida ya hadithi za sayansi peke yake. Alichota pia kutoka majarida ya kawaida, akionyesha kwamba fasihi hii haina uzio. Donald A. Wollheim na Terry Carr walishirikiana kuanzia 1965, kisha kila mmoja akawa na mfululizo wake. Kuanzia 1984, mfululizo uliopata sifa kubwa zaidi ulikuwa wa Gardner Dozois, uliofikia matoleo 35. Dozois alifariki Mei 2018, na toleo la 35 likatoka mwaka huohuo.

Umuhimu wa vitabu hivi ulitokana na udhaifu wa majarida. Jarida lilikaa dukani kwa mwezi mmoja, likachakaa, likatupwa, na hadithi yake ikapotea nalo. Kitabu kilinunuliwa na maktaba na kudumu kwenye rafu kwa miongo. Katika vitabu vya Dozois kulikuwa na mambo mawili yaliyogeuza mkusanyiko kuwa kumbukumbu ya historia: utangulizi mrefu uliosimulia hali ya fasihi hiyo katika mwaka mzima, yakiwemo majarida yaliyofungwa na waandishi waliofariki, na mwishoni orodha ndefu ya hadithi nyingine zilizostahili kutajwa. Mtafiti anayetaka kujua mwaka fulani ulikuwaje katika fasihi hii huanzia hapo.

Toleo la sita la Dozois, lililotoka mwaka 1989, lilikuwa na hadithi iitwayo “Kirinyaga”, jina la Kikikuyu la Mlima Kenya, ya Mmarekani Mike Resnick. Ilikuwa imechapishwa mwaka 1988 katika jarida la The Magazine of Fantasy & Science Fiction, na mwaka 1989 ikashinda Tuzo ya Hugo. Katika hadithi hiyo, kundi la Wakikuyu wa karne ya 22 wameihama Kenya na kwenda kuishi kwenye sayari ndogo iliyotengenezwa ifanane na nchi yao ya zamani. Kiongozi wao wa kiroho ni Koriba, mganga wa jadi aliyesoma vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, na ambaye sasa anakataza kila kitu cha kigeni. Hata hivyo ana kompyuta. Kwa kutumia kompyuta hiyo huwaomba mafundi wa sayari wabadilishe njia yake angani ili mvua inyeshe, nao wanakijiji huamini ni uwezo wake wa uganga. Mgogoro unazuka pale Koriba anapomuua mtoto mchanga aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu, akidai mila ndiyo iliyoamuru hivyo.

Resnick aliandika hadithi nyingine kadhaa za Koriba, na mwaka 1998 zikakusanywa kuwa kitabu kimoja. Mojawapo, “The Manamouki”, ilishinda Hugo mwaka 1991. Mwandishi hamtetei Koriba. Hadithi zake zinaonyesha gharama ya kujaribu kuizuia jamii isibadilike, na kadiri zinavyoendelea, jaribio hilo linazidi kushindwa.

Hata hivyo, katika uteuzi wa hadithi kama hiyo ndipo udhaifu wa mikusanyiko unapojitokeza. Msomaji wa mbali aliyekutana na Mlima Kenya ndani ya kitabu cha hadithi bora za mwaka hakuwa na hadithi nyingine ya kulinganisha. Alipewa jamii ambayo mila yake ni mwamba usiosogea, wakati historia ya Wakikuyu inasema vingine. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza desturi ya ituika, ambapo rika moja lilikabidhi madaraka kwa rika lililofuata. Mabadiliko yalikuwa sehemu ya mila yenyewe. Na miaka 11 kabla ya “Kirinyaga” kuchapishwa, Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri, alikuwa ameanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akiunganisha elimu yake ya biolojia na kazi ya wanawake wa vijijini ya kupanda miti. Mawazo kama hayo kuhusu kesho ya mlima huo hayakuwamo katika hadithi ya Koriba.

Jibu la Waafrika lilikuwa kutengeneza mikusanyiko yao. Mwaka 2012 Ivor Hartmann wa Zimbabwe alihariri AfroSF, ambamo Mkenya Clifton Gachagua alikuwa na hadithi. Mwaka 2015 kundi la waandishi la Jalada lilitoa toleo zima kuhusu Afrika ya siku zijazo. Kisha mwaka 2021 Oghenechovwe Donald Ekpeki wa Nigeria akatoa The Year's Best African Speculative Fiction, mkusanyiko uliofuata kanuni ileile ya Merril na Dozois ya kuchuja hadithi za mwaka uliopita, safari hii za Waafrika na watu wenye asili ya Afrika. Ndani yake wamo Wakenya Makena Onjerika na Shingai Njeri Kagunda, Waganda Dilman Dila na Derek Lubangakene, na Eugen Bacon aliyezaliwa Tanzania. Mwaka 2022 kitabu hicho kilishinda Tuzo ya World Fantasy kwa upande wa mikusanyiko.

Hata hivyo mikusanyiko hii nayo ina mipaka. Huchuja maandishi, na hasa ya Kiingereza. Filamu fupi Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, inayohusu dunia iliyokaukiwa maji na mwanamke anayetoroka ili apande mche, haiwezi kuingia humo. Vilevile riwaya ya Kiswahili ya Katama Mkangi, Walenisi, ya mwaka 1995, ambayo mhusika wake anasafirishwa hadi ulimwengu mwingine, haijulikani sana nje ya wasomaji wa Kiswahili.

Kwa Kiswahili, mkusanyiko wa hadithi fupi una njia nyingine ya kudumu: shule. Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed mwaka 2007, na Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, wa Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka 2016, viliteuliwa kutahiniwa katika shule za upili za Kenya. Wanafunzi wa Nyeri, Embu na Meru walivisoma sawa na wa Mombasa na Kisumu. Uteuzi huo huipa hadithi wasomaji wengi kuliko jarida lolote. Lakini kitabu teule hukaa miaka kadhaa kabla ya kubadilishwa, na huchaguliwa kwa mahitaji ya mtihani, si kwa kupima mwaka umezaa nini.

Pengo lililobaki ni mkusanyiko wa kila mwaka wa hadithi za sayansi kwa Kiswahili. Nyenzo zake zipo. Vyuo vikuu vya Karatina, Dedan Kimathi, Embu, Chuka na Meru vimeuzunguka mlima, na miongoni mwao mna walimu wa lugha na wanasayansi. Kazi hiyo haihitaji mtambo wala maabara. Inahitaji mhariri mwenye subira ya kusoma, mchapishaji atakayerudi mwaka hadi mwaka, na waandishi watakaotuma hadithi. Wahusika hao watatu wakikubaliana, mwaka wowote unafaa kuwa wa kwanza.