Askari Anaporudi Nyumbani, Elimu Yake ni ya Nani?

Askari anapovua sare, nyumbani wanamngoja mke na watoto, na mwenye nyumba naye anangoja kodi. Atafanya kazi gani mtu ambaye ujana wake wote ameutumia jeshini?

Marekani ililijibu swali hili vibaya kabla ya kulijibu vizuri. Mwaka 1932 maelfu ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, wakiwa hawana ajira, walipiga kambi Washington, wengine pamoja na familia zao, wakidai walipwe mapema fedha walizoahidiwa kwa mwaka 1945. Jeshi likatumwa kuwafukuza kwa gesi ya machozi.

Haikusahauliwa aibu ile. Tarehe 22 Juni 1944, vita vya pili vikiwa bado vinaendelea, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyowalipia askari ada ya masomo hadi dola 500 kwa mwaka, pamoja na posho ya dola 50 kwa mwezi, au 75 kwa mwenye familia. Kwa maoni yetu, posho hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya sheria, kwani darasa la bure halimfai baba ambaye wanawe wamelala na njaa. Kufikia mwaka 1956, askari wapatao milioni 7.8 walikuwa wamenufaika, na wengi wao hawakwenda chuo kikuu bali walijifunza ufundi, kilimo na kazi za viwandani.

Weusi, hasa wa majimbo ya Kusini, hawakuonja sawasawa. Vyuo vya weupe viliwafungia milango, vyao vikafurika, na maofisa wa huko waliwaelekeza kwenye kazi za sulubu.

Sheria ya sasa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2009, humpa aliyetimiza masharti yote miezi 36 ya masomo: ada ya chuo cha umma, posho ya nyumba na fedha za vitabu. Uanagenzi wa ufundi nao umo.

Lililo kubwa kwa familia ni kwamba askari aweza kumhamishia haki hiyo mwenzi wake au watoto. Kwa kawaida awe ametumikia miaka 6, na akubali kuongeza 4. Miezi ni ile ile 36, hugawanywa; si kila mtoto apate yake. Tena ombi sharti lipelekwe askari akiwa bado jeshini. Akishaaga, mlango umefungwa, hata kama ametumikia miaka 20. Mwenye jamaa katika jeshi lile na amwulize mapema.

Wanandoa nao wafahamu kwamba sheria haiihesabu haki hii kuwa mali ya ndoa. Wakiachana, mahakama haiigawi, na askari aweza kuiondoa kwa mtalaka wake hata kama yuko katikati ya masomo.