Galaksi Tuzionazo Kutoka Bagamoyo

Watu wengi hudhani kwamba elimu ya nyota ni ya mataifa mengine, na sisi hatuna fungu ndani yake. Dhana hiyo si sahihi. Mabaharia wa pwani hii waliiita kaskazini Jaa, kwa jina la nyota waliyoifuata kwenda Arabuni, na kusini wakaiita Suheli, kwa nyota ing'aayo upande huo.

Yapata mwaka 964, mwanachuoni wa Uajemi, Abdurrahman As-Sufi, aliandika kitabu juu ya nyota, akataja humo kiwingu kidogo katika kundi la Andromeda. Hakuna maelezo ya kiwingu hicho yajulikanayo yaliyo ya kale kuliko hayo. Mwaka 1888 Isaac Roberts wa Uingereza alikipiga picha, ikaonekana kina mikono iliyojizungusha. Kisha picha alizopiga Edwin Hubble huko California mwaka 1923 zikawezesha umbali wake kupimwa. Hapo ikabainika kwamba si wingu, bali ni galaksi, yaani mkusanyiko wa nyota nyingi mno, ulio nje ya mkusanyiko wetu. Nuru yake tuionayo usiku huu ilianza safari miaka 2,500,000 iliyopita.

Sasa natutazame neema ya mahali petu. Bagamoyo iko digrii 6 na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Aliye Ulaya hayaoni kabisa Mawingu ya Magellan, ambayo ni galaksi jirani zetu. Lakini hapa, mwezi wa Oktoba karibu na saa sita za usiku, ukielekea kaskazini utaiona Andromeda, na ukigeuka kusini utaliona Wingu Dogo la Magellan, nalo Wingu Kubwa likilifuata nyuma.

Kwa jicho, vitu hivi ni ukungu tu. Kamera hukusanya nuru kwa dakika nyingi, lakini kuna vizuizi vitatu.

Kwanza, dunia huzunguka digrii 15 kila saa, na nyota hugeuka mistari katika picha. Dawa yake ni kuiweka darubini juu ya mtambo wenye mota, ambao mhimili wake umeelekezwa kwenye ncha ya kusini ya anga. Bagamoyo ncha hiyo i chini sana, digrii 6 na nusu tu juu ya upeo wa macho. Hata mnazi mmoja waweza kuiziba.

Pili, kamera za dukani zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya nuru nyekundu ya haidrojeni, nayo ndiyo rangi ya mawingu yanamozaliwa nyota. Mafundi hukiondoa, wakaweka kingine kinachoipitisha. Kazi hii yaweza kuiharibu kamera, basi ni heri kutumia ya mtumba, tena kwa mkono wa fundi.

Tatu, picha moja ya kitu hafifu hujaa chengachenga. Ukipiga picha 100 zilizo sawa na kuziunganisha kwa kompyuta, chengachenga hupungua mara 10. Kwa hiyo subira yafaa hapa kama mali ifaavyo. Kijana asiye na darubini aweza kuanza na kamera juu ya miguu mitatu, akipiga picha nyingi za sekunde chache chache.

Lakini hatari kubwa haimo katika kamera. Taa za Dar es Salaam zimesogea kaskazini kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga, na mwanga wake hupanda kusini mashariki mwa Bagamoyo, karibu na yanakopandia Mawingu ya Magellan. Galaksi hafifu ndizo hutangulia kupotea. Upande wa Saadani giza lingaliko.

Dawa ya jambo hili imo majumbani mwetu. Taa za nje, ziwe za nyumba, duka au msikiti, zifunikwe juu ili ziangaze chini tu, na zizimwe zisipohitajiwa. Nanyi wazazi, tunawasihi: siku za mwisho za mwezi wa Kiislamu, usiku unapokuwa hauna mwezi, watoeni watoto uani na kuwaonyesha kiwingu cha As-Sufi, ili wajue kwamba elimu hii ni yao pia.