JE, WAJUA? Gesi hukuza mwanga wa leza

Gesi asilia ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Hiyo huchomwa ili kupata umeme. Zipo gesi nyingine ambazo hazichomwi: kazi yake ni kukuza mwanga.

• Leza ya Nike, katika maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani mjini Washington, hutumia agoni, kriptoni na florini kidogo. Miale ya elektroni hupenya utando mwembamba wa metali na kuzigonga atomi za gesi. Kriptoni na florini hushikana kwa kitambo kifupi mno. Zikiachana, hutoa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 248, usioonekana kwa macho.

• Lengo la leza kama hizi ni kukibana kidonge cha deuteriamu na tritiamu (aina nzito za hidrojeni) mpaka viini viungane, kama ndani ya jua. Tarehe 5 Desemba 2022, huko California, leza za kioo zilipeleka megajuli 2.05 kwenye shabaha yenye kidonge, na muungano wa viini ukatoa 3.15.

• Kioo huchukua saa kadhaa kupoa, ilhali gesi huzungushwa ikapoa upesi. Ndiyo maana leza ya gesi iitwayo Electra imeweza kufyatua mara 5 kwa sekunde, kasi inayofaa mtambo wa umeme.

• Kila mita ya ujazo ya maji ya bahari, ya Msimbati mkoani Mtwara yakiwemo, ina takriban gramu 33 za deuteriamu, ile inayotiwa kwenye kidonge. Kijana wa Mtwara anayesoma fizikia ana sababu nzuri ya kuifuatilia sayansi hii.