Sasisho la Windows Likigoma, Kufomati Kuwe Hatua ya Mwisho

Katika hosteli zilizojengwa Nchiru, kando ya barabara ya Meru kuelekea Maua, kompyuta moja ndogo inaweza kubeba kazi ya miaka minne. Humo mna maelezo ya mihadhara, ripoti ya mradi inayosubiriwa na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, barua za kuomba kazi na picha za nyumbani. Ndiyo sababu sasisho la Windows linapogoma katikati, mwenye kompyuta hushikwa na hofu na kukimbilia kwa fundi. Huko mara nyingi huambiwa jambo moja tu: tufomati, tuweke Windows upya.

Nashauri tusianzie hapo. Sasisho lililokwama kwa kawaida halijagusa faili zako hata moja. Kinachozifuta ni kufomati kwenyewe.

Kinachoendelea ndani ya mashine

Sasisho hupitia hatua tatu. Kwanza hupakuliwa kutoka mtandaoni na kuwekwa katika folda iitwayo SoftwareDistribution, ndani ya folda ya Windows. Pili huandaliwa huku ukiendelea na shughuli zako. Tatu, kompyuta inapozima na kuwaka upya, faili mpya za mfumo huchukua nafasi ya zile za zamani. Hatua ya tatu ikishindikana, Windows hujaribu kurudi ilikokuwa. Ukiona maneno "Undoing changes made to your computer", usiogope: mashine inajirudisha nyuma yenyewe, na kosa kubwa ni kuikatiza.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni subira. Kompyuta yenye diski ya kizamani inayozunguka inaweza kukaa kwenye asilimia ileile kwa saa nzima na zaidi. Tazama taa ya diski. Ikimetameta, kazi inaendelea. Zikipita saa mbili au tatu bila dalili yoyote ya uhai, hapo ndipo unaweza kubonyeza kitufe cha kuwasha na kukishikilia kwa sekunde kumi hadi izime. Stima ikipotea katikati ya kazi, ikirudi iwashe mashine na uiache ijaribu kujirekebisha.

Okoa faili, kisha soma namba

Kompyuta ikiwaka, nakili kazi zako kwenye flashi au diski ya nje kabla ya kugusa kitu kingine. Isipowaka, bado kuna njia. Tafuta flashi iliyotayarishwa kwa mfumo endeshi wa Ubuntu, uanzishe mashine kutoka humo bila kusakinisha chochote, ufungue diski yako na unakili unachohitaji. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft, na unaweza kuusoma kwa simu. Utafute leo, kabla ya shida.

Baada ya hapo fungua "Settings", kisha "Windows Update", kisha "Update history", usome namba ya kosa. Namba hiyo huokoa muda mwingi wa kubahatisha. 0x80070070 ina maana kwamba diski imejaa. Zinazoanza na 0xC1900101 kwa kawaida huelekeza kwenye draiva, kwa hiyo chomoa printa, flashi na vifaa vingine vya nje kabla ya kujaribu tena. 0x80073712 husema kwamba faili ambazo sasisho linazihitaji zimeharibika au hazipo.

Wakati mwingine kosa si lako kabisa. Januari 2024, kompyuta nyingi za Windows 10 zilikataa sasisho la KB5034441 na kuonyesha 0x80070643. Chanzo kilikuwa sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa ajili ya uokoaji: sasisho lilihitaji megabaiti 250 za nafasi tupu humo, na mashine nyingi hazikuwa nazo. Ziliendelea kufanya kazi vizuri. Aliyefomati kwa sababu ya namba ile alifuta kazi zake bila sababu.

Nafasi, mtandao na saa

Anza na nafasi. Kwa sasisho kubwa la kubadilisha toleo, acha takriban gigabaiti 20 wazi. Futa faili za muda kupitia "Storage" ndani ya "Settings", na uhamishie filamu kwenye diski ya nje.

Kisha mtandao. Anayetumia bando la simu huenda ameuweka mtandao wake kuwa wa kupimwa, na hapo Windows huahirisha upakuaji wa masasisho mengi. Sasisho kubwa hula gigabaiti kadhaa, kwa hiyo lipakue kwenye Wi-Fi imara, na uzime VPN kwa muda.

La tatu husahaulika sana: saa. Nyingi kati ya kompyuta zinazouzwa kama "ex-UK" zina umri mkubwa, na betri ndogo ya ubao mkuu, aghalabu aina ya CR2032, huwa imekufa. Kila stima ikipotea, tarehe hurudi miaka nyuma. Seva za masasisho huthibitishwa kwa vyeti vya kidijitali vyenye tarehe, na tarehe ya mashine ikikosea, muunganisho hukataliwa. Rekebisha saa, na ukipata nafasi ubadilishe betri hiyo.

Sasisho likigoma tena, fungua Command Prompt kama msimamizi. Andika "net stop wuauserv", kisha "net stop bits", uibadilishe jina folda ya SoftwareDistribution kuwa SoftwareDistribution.old, halafu uanzishe huduma zote mbili kwa "net start". Windows itapakua sasisho upya, safi. Bado? Andika "DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth", ukiwa na intaneti, na ikimaliza andika "sfc /scannow". Amri hizi mbili hurekebisha faili za mfumo bila kugusa hati zako.

Ikikataa kuwaka

Windows ikishindwa kuanza mara mbili mfululizo, kwa kawaida hukuletea ukurasa wa uokoaji. Chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Jaribu "Startup Repair" kwanza, kisha "Uninstall Updates", ambayo huondoa sasisho la mwisho peke yake. Isipofaulu, kuna "Reset this PC" yenye chaguo la "Keep my files": programu ulizosakinisha zitaondoka, hati zitabaki. Ni baada ya ngazi hizi zote ndipo kufomati kunapopata haki.

Kompyuta nyingine hazishindwi; zinakataliwa. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na gigabaiti 4 za RAM, na kwa upande wa Intel takriban vichakata vyote vilivyo kwenye orodha yake ni vya kizazi cha nane kuendelea. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa wanaojiandikisha, Microsoft ilitangaza masasisho ya ziada ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Mashine isiyofaa kwa Windows 11 inaweza kuendelea na huduma hiyo au kuhamia Ubuntu au Linux Mint, ambazo hupata masasisho bila malipo.

Kuzima masasisho moja kwa moja, kama wengine wanavyoshauri, ni hatari. Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu mmoja wa Windows tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, programu haribifu ya WannaCry ilipitia udhaifu huohuo na kufunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150. Waliokuwa wamesasisha walikuwa na kinga.

Masasisho ya kila mwezi hutolewa Jumanne ya pili, saa mbili au saa tatu usiku kwa saa za Kenya. Jumatatu yake nakili kazi zako. Jumatano chomeka chaja, hakikisha betri imejaa, uruhusu sasisho usiku ambao huna kazi ya kuwasilisha kesho yake. Na ukilazimika kwenda kwa fundi, sikiliza anaanza na nini. Fundi anayekuuliza kwanza kama umenakili faili zako anaijua kazi yake. Anayeanza kwa kutafuta flashi ya Windows, mwombe angoje hadi hati zako ziwe mahali salama.